Amana ya Rashidi

Rashidi alikuja kuchukua fedha zake siku ya Ijumaa baada ya sala, nami nikampa. Hilo ndilo jambo ambalo leo natamani ningalilikataa. Fedha zilikuwa zake, hakuna aliyebisha. Alizichuma katika hoteli ile ile ya Diani nilikofanya kazi mimi, na alinikabidhi mwenyewe kwa mkono wake. Lakini aliponikabidhi aliniwekea sharti moja: nisimrudishie kabla ya siku ya kwenda kumlipa mwenye shamba, hata akija na machozi, hata akija na matusi. Nilikubali sharti lile huku nacheka. Nilidhani kazi ya mtu aliyewekewa amana ni kutoiiba tu. Sikujua kwamba ipo siku ambayo kazi yake ni kumnyima mwenyewe.

Mwezi uliopita nilipigiwa simu kutoka Taru. Kijana wa upande wa pili alinisalimu, "Shikamoo, mzee," kisha akasema yeye ni mwanawe Rashidi, na kwamba babake amefariki na ameshazikwa, na kwamba jina langu lilikuwa miongoni mwa majina machache aliyoagiza yajulishwe. Nilikwenda matangani. Nimerudi, na tangu nirudi kila nikitoka kwenda kutia udhu nautazama ukuta ulio kando ya nyumba yangu hapa Mwabungo, ukuta mrefu wa mawe wenye vigae vya chupa juu yake, na nakumbuka mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Mingine imechanganyika. Mwaka ule umesimama peke yake kama chumba ambacho hakijahamishwa kitu.

Ulikuwa mwaka wa kwanza baada ya kumaliza kidato cha nne. Niliajiriwa kuwa dobi wa hoteli, kufua na kupiga pasi mashuka na vitambaa vya meza. Rashidi alikuwa mhudumu wa mezani. Yeye alivaa shati jeupe, mimi nililifua. Tulipewa chumba kimoja kwenye kota za wafanyakazi, nyuma ya jiko, chumba cha vitanda viwili na dirisha lililoelekea mapipa ya maganda ya nazi. Chumba kilinuka wanga wa nguo na sabuni ya mche, na adhuhuri kilinuka chochote kilichokuwa kikipikwa kwa wageni. Sisi tulikula wali na mchuzi wa papa, na siku ya mshahara tulinunua mkate wa sinia kutoka kwa mama mmoja wa Ukunda, tukaula umekatwa vipande vikubwa, huku tumekaa kila mtu kitandani kwake tukipanga maisha.

Tulipanga sana. Mzee mmoja wa Mwabungo alikuwa akiuza sehemu ya shamba lake la minazi, viwanja viwili vilivyopakana. Kimoja kilikuwa kidogo, nacho ndicho changu. Kikubwa kilikuwa na kisima, na Rashidi ndiye aliyekitaka. Tulipatana kwamba ua utakaotutenga utakuwa wa makuti, na katikati yake tutaacha upenyo, wake zetu wapite kuombana chumvi na kaa la moto, na watu wangu wateke maji kisimani kwake bila kupiga hodi. Hatukuwa na wake. Rashidi alikuwa ameshajua hata mahali pa kuweka kuku.

Na Rashidi alikuwa mcheza kamari. Lisemwe wazi, maana matangani nilimsikia mtu akilizunguka kwa adabu. Sitetei kamari. Hukumu yake naijua, na niliijua wakati ule. Lakini nimeishi muda mrefu miongoni mwa watu wanaocheza na wasiokoma kwa kuambiwa wakome, na katika wote niliowaona, Rashidi ndiye aliyecheza kwa akili kuliko wote. Kati ya chakula cha mchana na chai ya wageni, wafanyakazi walitandika mkeka kwenye kibanda cha kukaushia makuti, wakapiga karata. Rashidi alikaa akiwa na mifuko miwili. Katika wa kushoto aliweka fedha ya kucheza, kiasi ambacho angekitumia Jumapili kwa soda na viazi vya karai. Wa kulia ulikuwa mtupu. Akishinda, alichoshinda kilikwenda kulia, na kilichokwenda kulia hakikurudi mkekani. Kushoto kukiisha, alinyanyuka.

"Kaa bwana, bahati ndiyo inageuka," walimwambia.

"Ikigeuka inikute nakunywa chai."

"Rashidi mwoga. Anacheza kama bibi harusi."

"Bibi harusi hutoka na zawadi," alisema, na kwenda zake.

Hakukopa mkekani wala hakumkopesha mtu mkekani. Hakucheza akiwa na hasira. Fedha kwake zilikuwa za namna mbili, fedha yenye kazi na fedha isiyo na kazi, na ile yenye kazi haikuruhusiwa hata kuonana na karata. Ndiyo maana kila mshahara ulipotoka alinijia kabla ya kubadili nguo, akanipa bahasha yake, akatoa kidogo tu. Nilikuwa na sanduku la bati lenye kufuli, na ufunguo wake niliufunga kwenye uzi kiunoni. Benki ilikuwapo, Mombasa, ng'ambo ya kivuko, lakini Rashidi alisema benki haina macho. "Benki nikienda nimekunja uso itanipa. Wewe utaniuliza nina nini." Siku hiyo ndiyo aliyoniwekea lile sharti. "Mimi nikishaanza, Omari, kuna mtu mwingine huingia ndani yangu," aliniambia. "Huyo usimpe. Atakuwa na sauti yangu, lakini usimpe."

Jumapili mojamoja tulivuka kwenda mjini, kwenye duka lililopokea dau za mbio za farasi za Nairobi. Majina ya farasi yaliandikwa kwa chaki ubaoni, na mbio zenyewe zilisikika kwa spika moja iliyokwaruza, watu wazima wameinua nyuso kama wanaosubiri mvua. Sikuwahi kumwona farasi hata mmoja. Rashidi naye hakuwahi. Kabla ya kuingia alinilazimisha tule, mbaazi na mahamri, kwa mama wa pembeni. Alisema mtu mwenye njaa humwekea dau farasi ili amletee chakula. Kisha aliketi kwenye ngazi, akavua kiatu cha kulia, akatia nauli ya kurudi ndani ya soksi, akavaa. Aliweka dau moja, la mbio moja, tukatoka. Farasi wake mara nyingi hakushinda. Kwenye kivuko tulikula mhogo wa kuchoma na yeye akaniigizia ile sauti ya spika, watu wakacheka, na sikumbuki hata safari moja aliyorudi na huzuni.

Hawa vijana wa bodaboda wanaoketi kibandani mbele ya nyumba yangu hubeti mpira kwa simu. Mmoja wao, Abdalla, aliwahi kuniuliza nacheka nini, kwa kuwa aliponionyesha alichopoteza juma lile nilitabasamu. Nilimwambia simcheki yeye. Nilikuwa nikifikiria kwamba simu haina kiatu. Nauli, karo, kodi ya nyumba na dau vyote vimekaa mfuko mmoja, na kidole kinaweza kuvifikia vyote kabla mtu hajameza mate. "Sasa tufanyeje, mzee?" akauliza, na nikamwambia fedha yenye kazi aipe mtu mwenye roho ngumu. Akasema nimwekee mimi. Nikamwambia mimi sifai. Alidhani natania.

Mvua za masika za mwaka ule zilikuwa nzito. Wageni walipungua, hoteli ikafunga upande mmoja, na sote tukawekwa kufanya nusu ya siku kwa nusu ya mshahara. Mzee wa Mwabungo naye akatuletea habari kwamba amepata mnunuzi wa kutoka bara aliyetaka vyote viwili kwa bei nzuri. Kwa kuwa alitujua, alisema, angetungojea mpaka mwisho wa mwezi. Kiwanja changu kilikuwa kidogo na nilikuwa nimekaribia kukimaliza. Cha Rashidi kilibaki na pengo. Halikuwa la kulilia, pengo lenyewe. Ningeweza kumkopesha sehemu yake nikachelewesha changu, na mzee angetusikiliza tungekwenda wote wawili, tukampa mkono, tukamsihi. Niliwaza hivyo wakati ule ule, nikiwa nimelala naangalia dari. Sikulisema. Niliogopa kukosa vyote.

Basi Ijumaa ile mvua ilikuwa ikipiga mabati ya chumba cha dobi hata ikabidi watu wapaze sauti. Nilikuwa napiga pasi vitambaa vya meza. Mwenzangu wa kazi, Mutua, mtu wa Machakos mwenye mzaha usioisha, alikuwa akikunja mashuka na wenzake wawili. Rashidi aliingia bado amevaa kanzu ya msikitini, pindo limelowa.

"Omari, nipe zile."

"Zile zipi?"

"Unazijua."

"Mwisho wa mwezi bado."

"Nikienda nazo hivi zilivyo, mzee atanipa chai na kunirudisha. Sikiliza. Yule mgeni wa meza ya dirishani ana farasi wake Nairobi. Jumapili anakimbia. Ameninong'oneza leo wakati namwekea samaki. Nikiweka zote, pengo limezibika na bakshishi inabaki."

"Wewe ndiye uliyesema anayenong'onezwa habari za farasi ni mtu wa mwisho kuzisikia."

"Nilisema wakati nilikuwa sina haja."

Nilimtazama. Macho yake yalikuwa yametulia, na utulivu ule ndio uliopaswa kunishtua. Nilimngoja yule mtu mwingine aje akipiga kelele. Alikuja amevaa kanzu, kwa sauti ya taratibu.

"Sikupi," nikasema. "Ulinikataza mwenyewe."

"Hiyo ni amana, Omari. Mimi na wewe tumesoma chuo kimoja cha Kurani, kwa mwalimu mmoja. Mwenye amana akija kuitaka, hurudishiwa. Utaizuia kwa hukumu gani?"

"Kwa hukumu yako."

"Basi naifuta."

Tangu utotoni nilifundishwa kwamba kumzuilia mtu amana yake ni hiana, na hiana ni alama ya mnafiki. Hakuna aliyetufundisha kwamba mtu anaweza kuiweka amana ili alindwe nayo yeye mwenyewe, na kwamba ahadi aliyoitaka akiwa timamu nayo ilikuwa amana, tena kubwa kuliko zile noti. Mpaka leo sijui mwalimu wetu angesema nini. Labda angesema nimpe. Labda angesema nimkalishe chini, nimwambie twende wote kwa mzee kwanza, kisha arudi kuuliza Jumamosi. Haikunijia kumwambia arudi kesho. Jambo dogo kama hilo.

Ndipo Mutua akasema, bila ubaya, akikunja shuka, "Omari, si umpatie huyu jamaa pesa yake? Ama umekula?"

Wale wawili wakacheka. Mmoja akasema, "Dobi amefua mpaka noti."

Niliweka pasi kando. Nilikwenda chumbani na Rashidi akanifuata, lakini sikuzihesabu kule chumbani. Nilifungua kufuli, nikachukua kopo lote nililowekea fedha zake, nikarudi nalo chumba cha dobi, nikalimimina juu ya meza ya kupigia pasi, nikahesabu kwa sauti, noti kwa noti, juu ya kelele za mvua, mpaka Mutua akaacha kukunja. Zilitimia. Nilimwuliza Rashidi mbele ya watu, "Zimetimia?" Akasema zimetimia. Nikajihisi mwepesi, mwenye haki, mtu aliyeshinda kesi. Wakati ule niliamini nimemrudishia amana kwa kumcha Mungu. Imenichukua muda mrefu kukubali kwamba sikuhesabu kwa ajili ya Rashidi. Nilihesabu ili Mutua asinidhanie mwizi. Fedha za rafiki yangu nilizitumia kununua jina langu, na nilizitumia zote.

Jumapili nilikuwa zamu. Alikwenda peke yake. Jumatatu asubuhi, nikianika mashuka kwa kuwa jua lilikuwa limetoka kidogo, nilimwona akija kwa njia ya nyuma, kwa miguu, suruali imejaa tope mpaka magotini. Alikuwa ametembea kutoka kivukoni Likoni. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akavua kiatu cha kulia, akakigeuza, akakikung'uta mbele yangu. Kikatoka kichanga kidogo.

"Hata nauli," alisema.

Nilimletea chai na mkate. Alikula polepole, akanisimulia kama mtu anayesimulia mbio za mtu mwingine. Yule farasi alikuja wa nne. Alikuwa ameweka nusu tu, kwa akili yake, akabakisha nusu. Kisha akataka kuirudisha ile nusu iliyokwenda. Palikuwa na mbio nyingine tatu siku ile, na nyuma ya duka palikuwa na mkeka wa karata. Hakuwa amekula.

"Ungeninyima," alisema mwishoni, akiangalia kikombe. Kisha upesi akaniwekea mkono begani. "Sikulaumu. Nilikuja na hukumu, ungefanyaje? Mimi ndiye niliyecheza."

Ndivyo alivyokuwa. Hata kunilaumu alikataa, na kama angenilaumu tungegombana tukapatana. Mwisho wa mwezi nilimlipa mzee, na yule mtu wa bara akalipia kile chenye kisima, akakizungushia ukuta wa mawe. Mshahara uliofuata Rashidi alipita na bahasha yake mkononi, akaketi kitandani kwake, akaitazama, akaitia chini ya godoro. Nilikuwa nimeshafungua sanduku. Nililifunga taratibu ili lisilie. Baadaye nilimwambia neno moja juu ya ile siku, akasema, "Tuache hayo, ndugu yangu," na aliponiita ndugu yangu badala ya Omari nilijua ameshaondoka. Kabla ya mvua za vuli alikwenda Taru kwa mjomba wake aliyeuza mbuzi kando ya barabara kuu, na huko akabaki.

Tulionana mara chache, harusini, mazikoni. Tulisalimiana vizuri. Nilimwalika Mwabungo kila mara, na kila mara alisema inshallah, na hakuja. Nadhani hakutaka kuuona ule ukuta.

Matangani Taru walinikalisha kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, pamoja na wanunuzi wa mifugo. Hawakunijua ni nani. Walijua tu nimetoka pwani. Mmoja wao, mzee aitwaye Mwero, mwenye fimbo na kofia ya sufi, alikuwa akieleza kwamba soko la Taru litapata taabu sasa. Nikauliza kwa nini.

"Nani atatuwekea pesa?" alisema. "Ukiuza mbuzi wako, unapita kwa Rashidi unamwachia. Mnapatana siku. Kabla ya siku hiyo hakupi, hata uwe nani."

"Mimi nilikwenda nimelewa," akasema mwingine. "Nilimtukana mpaka mama yake."

"Akafanya nini?"

"Akanimiminia chai. Nikamtukana tena, akanimiminia ya pili. Nikarudi nyumbani na mkojo tu."

Wakacheka, kisha wakakumbuka walipo. Mwero alikuna kidevu. "Mimi niliwahi kumwuliza huo ugumu aliupata wapi. Akaniambia kule Diani alikuwa na rafiki, mtu mwema sana, amempenda mpaka leo. Lakini alikuwa mpole. Basi yeye akaapa hatamlegezea mtu kwa pesa yake mwenyewe." Alinigeukia. "Wewe wa huko huko, mzee. Hukumjua huyo mtu?"

Nilisema Diani ni kubwa. Wakanimiminia chai, nikainywa.

Nilirudi na basi la alasiri. Siku hizi maji nanunua kwa mitungi, maana kisima kiko ng'ambo ya ukuta, na wenye nyumba ile huja wakati wa likizo tu. Sijui majina yao na wao hawalijui langu. Usiku nikiugua hakuna wa kumwita kwa kupaza sauti. Rashidi alipoteza fedha na kiwanja, akavipata vingine Taru. Mimi nilibaki na kiwanja changu na jina langu safi mbele ya Mutua, ambaye aliacha kazi mwaka huo huo na sijamwona tena. Kufungua lile sanduku kulinigharimu jirani niliyemchagua mwenyewe, na umri wangu wote nimeishi kando ya ukuta usio na upenyo.